Ukitaka kusafiri nje, shika mwezi kwanza, nchi baadaye

Safari nyingi za nje huharibikia kwenye swali la kwanza. Mtu anajiuliza aende nchi gani, wakati alichonacho mkononi ni wiki mbili za likizo katika mwezi usiosogezeka. Anachagua Dubai, likizo inaangukia Agosti, anashinda ndani ya maduka yenye kiyoyozi kwa sababu nje ni nyuzi 41. Mwingine anakwenda Cape Town Julai na kaptula zake, anakuta mvua na watu wamevaa masweta. Miji yote miwili inapendeza, ila mwezi ndio uliokosewa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Dodoma au jirani zake, Singida, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa, Iringa, mwenye fedha za kuhesabu na likizo ya kuomba. Mwenye fedha nyingi na muda wake mwenyewe hahitaji mwongozo, aende tu.

Hatua ya kwanza: kata miezi isiyowezekana

Chukua karatasi, andika miezi 12, halafu kata ile ambayo huwezi kuondoka hata ukipewa tiketi ya bure.

Kwa watu wa Dodoma kalenda hii ina sura yake. Bunge la Bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Kama una gesti Area D, mgahawa, au magari ya kukodisha, hiyo ndiyo miezi yako ya kuvuna. Kufunga duka wakati huo ukatalii ni kuikimbia riziki. Mtumishi wa umma naye ana mwaka wa fedha unaofungwa tarehe 30 Juni, na bosi atakayekusainia likizo ya wiki tatu mwezi huo ni wa kutafuta kwa tochi. Mkulima wa zabibu huvuna mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Wa mtama na alizeti yuko shambani tangu mvua za Desemba. Mwalimu, na kila mwenye watoto shuleni, amebanwa kwenye Juni na Desemba, apende asipende.

Ukimaliza kukata utabaki na miezi michache, mara nyingi mitatu au minne. Usihuzunike, ndiyo kazi imerahisika. Ukiona umebakiwa na Septemba au Oktoba, jihesabu mwenye bahati. Sababu utaiona mbele.

Hatua ya pili: igawe dunia mafungu matatu

Dunia imeinama kiasi cha nyuzi 23 na nusu kwenye mhimili wake, ndiyo maana inapolizunguka jua nusu moja hupata jua la kutosha na nyingine hukosa, kisha hubadilishana. Juni hadi Agosti ni joto Ulaya, Uturuki, China, Japani, Marekani na Kanada. Miezi hiyohiyo ni baridi Afrika Kusini, Australia, Argentina na New Zealand. Desemba hadi Februari mambo yanageuka. Katikati, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kila upande unapita kutoka hali moja kwenda nyingine, na hapo ndipo hali ya hewa huwa ya wastani na bei pia.

Fungu la tatu ni sisi wenyewe wa ukanda wa kati wa dunia: Afrika Mashariki, Ethiopia, India, Thailand, Indonesia. Hapa msimu hupimwa kwa mvua na pepo, siyo kwa baridi. Mtu wa pwani analijua hili kwa kusi na kaskazi. Sisi wa bara tunalijua kwa mwezi mvua inapoanza na mwezi inapokata.

Halafu kuna mtego unaowanasa hata wazoefu: nchi moja inaweza kuwa na misimu miwili inayopingana. Johannesburg mvua zake huja wakati wa joto, Oktoba hadi Machi. Cape Town, nchi ileile, mvua zake huja wakati wa baridi, Juni hadi Agosti. India ndiyo imezidi: Mumbai hulowa Juni hadi Septemba, lakini Chennai, ambako Watanzania wengi hupelekwa kwa matibabu, mvua zake kubwa ni Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo usitafute "hali ya hewa ya India". Tafuta mji unaokwenda, kwa jina lake.

Hatua ya tatu: pima kwa kipimo cha nyumbani

Tarakimu za hali ya hewa hazimwambii mtu kitu mpaka azilinganishe na mwili wake. Kipimo chako kiwe Dodoma. Novemba mchana hapa hufika nyuzi 31 hivi, na Julai usiku hushuka hadi 14 hivi, ile baridi ya asubuhi inayofanya bodaboda wavae makoti mawili. Shika namba hizo mbili.

Sasa tazama wastani wa miji mingine. Dubai Januari mchana ni kama 24 na usiku 14 au 15. Hiyo ni karibu kabisa na Julai ya Dodoma, sweta jepesi linatosha. Johannesburg Julai mchana ni 17 na usiku 4. Huko mchana wao ni kama alfajiri yetu ya kipupwe, na nyumba nyingi hazina vipasha joto vya maana. Paris Januari mchana hufika 7 tu. Ukisoma namba hiyo ukakumbuka unavyotetemeka kwa 14, utajua kama unataka kwenda au la.

Joto pekee halitoshi, angalia vitu vingine viwili. Cha kwanza ni fukuto. Nyuzi 31 za Dodoma ni kavu, jasho linakauka, kivulini unapumua. Nyuzi 31 za Singapore au Bangkok zinakushikia shati mgongoni tangu asubuhi. Cha pili ni urefu wa mchana, jambo ambalo mtu aliyezaliwa hapa hajawahi kuliwazia, kwa kuwa kwetu tofauti kati ya siku ndefu na fupi kwa mwaka mzima haifiki saa nzima. London mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa 10 alasiri. Umetoka hotelini saa 4 asubuhi, umekula chakula cha mchana, na giza limeingia. Juni ni kinyume, jua linazama baada ya saa 3 usiku. Kwa Mwislamu maana yake Magharibi inaingia usiku, Isha inasogea karibu na usiku wa manane, na Alfajiri haiko mbali. Kama unakwenda Ulaya ya kaskazini Juni, pakua ratiba ya swala ya mji huo kabla hujapanga matembezi.

Kwa takwimu hizi tumia wastani wa miaka mingi. Utabiri wa wiki moja mbele haukusaidii kitu ukiwa umebakiza miezi mitano.

Hatua ya nne: pitia mwaka

Desemba hadi Februari. Kaskazini kumeganda, kusini kunawaka. Wengi hukimbilia Cape Town, na kweli ni wakati wake: jua, ukavu, bahari. Lakini katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari Waafrika Kusini wenyewe wako likizo, vyumba vinajaa na bei hupaa. Ukiweza kusogea hadi mwisho wa Januari au Februari, unapata hali ileile kwa bei ya kibinadamu, na Februari mashamba ya Stellenbosch yamo kwenye mavuno ya zabibu. Mkulima wa Hombolo au Makutupora mwenye msimu huohuo hawezi kuondoka, najua. Ila mwenye kiwanda cha mvinyo aliyekwisha kununua zabibu zake angejifunza mengi huko kuliko kwenye semina.

Kwa familia yenye watoto na likizo ya Desemba, mimi ningeitazama Misri kabla ya Cape Town. Luxor na Aswan mwezi huo mchana ni nyuzi 23 au 24, jua safi, usiku baridi ya sweta. Miezi ya Juni hadi Agosti sehemu hizohizo zinapita 40, na huwezi kumtembeza mtoto kwenye mahekalu. Ukifika kusini zaidi, Abu Simbel, jua huingia hadi ndani kabisa ya hekalu siku mbili tu kwa mwaka, 22 Februari na 22 Oktoba, na siku hizo watu ni wengi mno.

Ethiopia nayo iko kavu. Krismasi yao ni 7 Januari na Timkat, sikukuu ya ubatizo, kwa kawaida ni 19 Januari, kwa hiyo mtu aliyemaliza sherehe za nyumbani anaweza kuzianza upya huko. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mara mbili ya Dodoma, beba koti. Kabla ya kupanga kutoka nje ya Addis, hasa Lalibela, uliza hali ya usalama ya wiki hiyo.

Thailand, Dubai, Oman, Goa na Kerala pia ni wakati wao. Delhi siyo: Novemba hadi Januari moshi na ukungu hushikana, na mwenye pumu atateseka. Mauritius, Madagaska na Reunion ziko kwenye msimu wa vimbunga, takriban Novemba hadi Aprili. Havipigi kila wiki, lakini likizo moja kwa mwaka siyo ya kuchezea kamari.

Machi hadi Mei. Huku kwetu pwani ni masika, Zanzibar inanyesha na hoteli kadhaa hufunga. Kaskazini kunafunguka. Japani maua ya micheri hutoka Tokyo mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, lakini yanadumu wiki moja mbili tu na tarehe inasogea kila mwaka. Kwa mtu anayevuka nusu ya dunia kwa mara ya kwanza, sishauri kufukuzia maua. Istanbul Aprili na Mei haikuangushi, Aprili kuna maua ya tulipu kwenye bustani nyingi, na wafanyabiashara wa nguo wanaokwenda mtaa wa Laleli hutembea bila kuloana kama Januari. Moroko na Jordan pia ni wakati mzuri, kabla jua halijakasirika.

Safari ninayoipenda zaidi ya kipindi hiki haihitaji ndege. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, hujaa maji kuanzia Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo kilele. Upana ni kama kilomita 1.7, kimo mita 108, na mvuke wake unakulowesha ukiwa mbali, hadi huoni kilichopo mbele yako. Kutoka Dodoma unashuka kwa basi Iringa, Mbeya, Tunduma, unavuka kwenda Lusaka kisha Livingstone. Mtanzania haombi viza ya Zambia. Ukienda Oktoba au Novemba upande wa Zambia utaangalia mwamba mkavu na michirizi. Miezi hiyo afadhali uvuke upande wa Zimbabwe ambako maji hayakatiki.

Juni hadi Agosti. Hapa ndipo watu hutupa fedha. Ulaya iko kwenye likizo, nauli ziko juu, foleni ya kuingia makumbusho inazunguka jengo. Kusini mwa Ulaya joto limekuwa kali kiasi kwamba Akropoli ya Athens imekuwa ikifungwa saa za mchana siku za joto kupita kiasi, kama ilivyotokea 2023 na 2024. Kama ni lazima uende Ulaya Julai, panda kaskazini: Scotland, Norway, Uswidi, ambako mchana ni mrefu na joto ni la kipupwe chetu.

Ghuba isahau, isipokuwa sehemu moja ambayo nashangaa Watanzania hatuizungumzii, wakati nusu ya Zanzibar ina ndugu Oman. Kuanzia takriban 21 Juni hadi 20 Septemba, pepo za bahari huleta ukungu na manyunyu kwenye milima ya Dhofar, kusini mwa Oman. Muscat inaungua kwa nyuzi 40, Salalah iko kwenye ishirini na kitu. Milima iliyokuwa ya vumbi inageuka kijani, vijito vinatiririka, ngamia wanalisha majani mabichi pembezoni mwa barabara, kuna minazi na migomba, na madafu na ndizi vinauzwa kwenye vibanda kama uko Tanga. Waarabu wa nchi jirani hujazana huko kwa magari yao kufurahia mvua, jambo ambalo mtu wa Dodoma atalielewa mara moja. Hoteli ziwahi mapema, hasa Julai na Agosti. Mwanzoni mwa Septemba kijani bado kipo na watu wamepungua.

Hija haichaguliwi mwezi, hiyo ina tarehe zake. Lakini ujue hesabu: Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50 na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Kalenda ya Kiislamu husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo Hija sasa inatoka kwenye joto kali. Mwaka 2030 itaangukia Aprili. Mwenye mzazi mtu mzima na uwezo wa kusubiri, hilo ni la kuzungumza nyumbani. Umra ndiyo unayoweza kuichagulia mwezi: Novemba hadi Februari ni afadhali, ukiacha Ramadhani inapoingia humo, maana bei na msongamano vinapanda pamoja.

Kwa wanaopenda wanyama, kusini mwa Afrika kumekauka na wanyama wanakusanyika kwenye maji. Okavango, Botswana, ina jambo lake: maji ya mvua zilizonyesha Angola huchukua miezi kufika, kwa hiyo delta inafurika katikati ya kiangazi, Juni hadi Agosti, wakati hakuna tone linalodondoka. Lakini, samahani kwa kusema, ukikaa Dodoma na unataka wanyama Juni hadi Oktoba, Ruaha iko nyuma ya Iringa hapo na kiingilio unalipa cha mwenyeji.

Septemba hadi Novemba. Kipindi changu. Watoto wa Ulaya wamerudi shule, bahari ya Ugiriki, Italia na Hispania bado ina joto la Agosti, bei zimeshuka. Uturuki ni nzuri hadi mwisho wa Oktoba. Misri inafunguka tena kuanzia katikati ya Oktoba. Ethiopia inafungua mwaka wake mpya tarehe 11 Septemba, isipokuwa mwaka mmoja kati ya minne inapokuwa 12. Mvua zinaisha na nyanda za juu zinajaa maua ya njano, na mwisho wa mwezi kuna sikukuu ya Meskel na mioto yake. Shelisheli, Oktoba na Novemba, kusi imekwisha na kaskazi haijaanza, bahari imetulia na maji yanaonekana hadi chini.

Wafanyabiashara wanakijua kipindi hiki kwa Guangzhou. Maonesho makubwa ya Canton hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia 15 Aprili na tena kuanzia 15 Oktoba, kwa awamu tatu: vifaa vya umeme na mashine kwanza, vyombo na mapambo ya nyumbani pili, nguo na vitu vya watoto mwisho. Awamu ndiyo ya kuangalia kabla ya kukata tiketi. Ukienda kutafuta vitenge na mashuka wiki ya kwanza utatembea kwenye kumbi za jenereta. Kati ya misimu miwili chagua Oktoba. Aprili mji ule una mvua na fukuto.

Visiwa vya Karibiani viepuke Agosti hadi Oktoba, ndicho kilele cha vimbunga.

Hatua ya tano: weka sikukuu zao juu ya mwezi wako

Mwezi unaweza kuwa mzuri kwa hewa na mbaya kwa watu. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, viwanda hufunga wiki mbili au zaidi, na ukifika Guangzhou kununua mzigo utakuta mageti yamefungwa na mafundi wamerudi vijijini. Tarehe 1 hadi 7 Oktoba nchi nzima ya China iko safarini. Japani wana mfululizo wao wa sikukuu kuanzia 29 Aprili hadi 5 Mei. Italia karibu na 15 Agosti maduka mengi madogo ya mijini yamefungwa, wenyewe wako ufukweni.

Ramadhani kwenye nchi za Kiislamu haimzuii mtu kutalii, ila migahawa mingi ya mchana hufungwa na ofisi hufunga mapema. Kwa upande mwingine, usiku wa Istanbul au Cairo baada ya futari unachangamka kuliko wakati wowote. Mimi nisiyefunga ningekwenda bila shida. Ukiwa na watoto wadogo wanaodai chakula kila saa, fikiria mara mbili.

Hatua ya sita: hesabu kurudi nyuma

Ukishapata mwezi na mji, andika tarehe ya kuondoka chini ya karatasi na upande juu.

Pasipoti kwanza. Nchi nyingi zinataka iwe na uhai wa miezi sita mbele. Ya kielektroniki ni shilingi 150,000, na sisi tuna raha ya kuwa na makao makuu ya Uhamiaji mjini kwetu, hatuna kisingizio cha kusubiri wiki ya mwisho.

Kisha viza, na hapa ndipo orodha ya nchi hujichuja yenyewe. Afrika Kusini Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Rwanda, Malawi, Zambia na majirani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawana shida. Ulaya ya Schengen, yaani nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ukweli ni kwamba nafasi ya miadi huko Dar ndiyo inayochelewa, kwa hiyo anza miezi minne kabla. Watataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki na barua ya mwajiri. Masharti hubadilika, soma tovuti ya ubalozi wenyewe, usitegemee aliyekwenda mwaka juzi. Kadi ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, usichanje jioni ya kuamkia safari.

Mwalimu anayetaka kuondoka wiki ya pili ya Juni, kwa mfano, aweke hivi: Januari pasipoti, Februari miadi ya ubalozi na bei za tiketi, Machi nyaraka, Aprili anasubiri majibu huku shule ikiendelea. Akianza Aprili, Schengen imemponyoka, abaki na Kigali, Livingstone au Johannesburg, ambazo si haba.

Tiketi ya ndege usiiunganishe kwa kubana na treni. SGR imefanya Dodoma na Dar es Salaam kuwa karibu, muda wa saa tatu na nusu hadi nne, lakini bado una foleni ya kutoka stesheni hadi uwanja wa ndege na kaunta inayofunga mapema. Ndege ya usiku, panda treni ya asubuhi. Ndege ya asubuhi, lala Dar.

Hatua ya saba: nguo zinunue hapa

Ukienda kwenye baridi, usinunue koti Ulaya. Makoti mazito yamejaa kwenye mitumba na hapa hayana mteja, ndiyo maana yanauzwa bei ya shati. Zunguka soko la Sabasaba asubuhi siku ya kufungua balo, na usionyeshe kuwa unasafiri, bei itabadilika usoni pako.

Kagua hivi. Vuta zipu juu na chini mara kadhaa. Zipu ya koti zito ikifa, ukipata fundi wa kuibadilisha gharama inazidi koti. Finya kitambaa kwenye mabega na viwiko: kama ujazo umekusanyika kwenye pembe na katikati ni kutupu, liache, upepo utapita hapohapo. Tazama kama mishono inatoa manyoya. Valia juu ya sweta, siyo juu ya fulana, kwa sababu ndivyo utakavyolivaa huko. Lifunike makalio, na kofia yake iwe imeshonewa. Viatu ndivyo ninavyoshauri vinunuliwe vipya, vyenye soli iliyochongwa, kwa sababu soli ya mtumba iliyokaa miaka hupasuka ikikutana na theluji.

Koti la manyoya ya bata lifue wiki mbili kabla, kwa sabuni kidogo, bila kulikamua kwa kulisokota. Lianike kivulini limelazwa, siyo kwenye kamba, na kila baada ya muda lipigepige kwa viganja ili manyoya yaachane. Hewa kavu ya Dodoma italikausha kwa siku mbili tatu. Ukingoja kulifua Dar, litasafiri bichi na linanuka.